Mkopo wa chuo: kwa nini mhitaji mmoja anapata na mwingine anakosa

Kila mwaka majina ya waliopangiwa mikopo ya elimu ya juu yanapotoka, mitaani huzuka ubishi ule ule. Mtoto wa mjane anayeuza vitumbua kakosa, mtoto wa mwalimu jirani yake kapata, na watu wanahitimisha haraka kwamba pale Bodi ya Mikopo lazima uwe na mtu. Wapo wanaosema ni bahati nasibu. Wapo wanaosema mikopo ni ya waliofaulu sana, au ya waliosoma shule za kata, au ya yatima peke yao. Kila neno kati ya hayo limebeba chembe ya ukweli, lakini kijana anayeyafuata kama yalivyo anaweza kupoteza mwaka mzima.

Swali lenye faida ni jingine: Bodi inajuaje kwamba wewe ni mhitaji? Ofisa wake hajafika kwenu. Hajaona paa linavyovuja, wala hajui kwamba mama yenu ndiye anayelisha watu saba. Anachokiona ni ulichojaza na ulichoambatisha. Ni kama mzani wa dukani, unaopima kilichowekwa juu yake tu; unga uliobaki nyumbani hauhesabiki hata ukiwa gunia zima. Vijana wengi maskini wanakosa mkopo kwa sababu umaskini wao haukuwahi kuwekwa juu ya mzani.

Maneno machache kwanza

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo wengi tunaiita HESLB au Bodi tu, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Kazi yake ni mbili: kutoa mikopo kwa wanafunzi wahitaji, na kuikusanya tena kwa waliokwisha kusoma. Zanzibar ina bodi yake.

Mkopo ni deni. Hili ningependa lisomwe mara mbili, maana wapo wazazi wanaodhani mtoto "amepewa na serikali" na wanashtuka miaka mitano baadaye mshahara wake unapokatwa. Ufadhili, ambao wengi wanauita skolashipu, haulipwi. Mfano unaojulikana zaidi ni Samia Skolashipu, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa waliofanya vizuri zaidi kidato cha sita kwenye masomo ya sayansi.

Mnufaika ni mwanafunzi anayepata mkopo. Mdhamini ni mtu mzima anayesaini pamoja naye. Na boom, neno ambalo hata wazazi wa vijijini sasa wanalijua, ni fedha ya chakula na malazi inayoingia kwenye akaunti ya mwanafunzi mwenyewe.

Uhitaji unapimwaje

Kwanza kuna mlango wa kuingilia, ambao hauhusiani na umaskini. Kwa miongozo ya miaka ya karibuni, mwombaji wa shahada ya kwanza awe Mtanzania, asiwe amezidi miaka 35, awe amepata udahili kwenye chuo kinachotambuliwa, awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita, na asiwe na ajira inayomwingizia kipato. Ukikosa kimojawapo, mjadala wa uhitaji haufikiwi kabisa.

Wakishapita hapo waombaji wote, linakuja suala la fedha. Bajeti ya mikopo imekua sana: kutoka shilingi bilioni 570 mwaka wa fedha 2021/22 hadi zaidi ya bilioni 900 mwaka 2025/26. Hata hivyo ni mfuko wenye kikomo, na vijana wanaohitimu kidato cha sita nao wanaongezeka. Kwa hiyo Bodi haiulizi tu kama wewe ni maskini. Inauliza kama uhitaji wako ni mkubwa kuliko wa wengine walioomba mwaka huo. Ndiyo maana kijana mwenye hali ile ile anaweza kupata asilimia ya mkopo iliyo tofauti na ya kaka yake aliyeomba miaka mitatu kabla.

Hesabu yenyewe ina msingi mwepesi. Chukua gharama za kusoma kozi hiyo kwa mwaka, ondoa kiasi ambacho familia inakadiriwa kuweza kuchangia, kinachobaki ndicho uhitaji. Tuseme vijana wawili wamepata kozi moja yenye ada ya shilingi 1,300,000. Wa kwanza baba yake kafariki, mama ni mkulima, na kaya yao imo kwenye mpango wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Wa pili wazazi wote wako hai, mmoja ana ajira ya mshahara. Gharama ni moja, lakini makadirio ya mchango wa familia yanatofautiana, hivyo wa kwanza anaweza kupewa ada yote na wa pili sehemu tu. Wa pili naye ni mhitaji, maana mshahara mmoja wa mwalimu wenye watoto wanne wanaosoma haufiki mbali, na ndiyo sababu hakutolewa nje kabisa.

Mchango wa familia unakadiriwa kutokana na dalili. Kazi na kipato cha wazazi ni dalili. Kufiwa na mzazi mmoja au wote ni dalili. Ulemavu wa mwombaji au wa mzazi ni dalili. Kaya kuwa mnufaika wa TASAF ni dalili yenye uzito, kwa sababu kuna chombo kingine cha serikali kilichokwisha kuichunguza. Na ada uliyolipa sekondari nayo ni dalili, ambayo nitairudia kwa sababu inaumiza wengi.

Kutokuwemo TASAF hakukufungii mlango. Orodha zile zina historia yake kijijini, na wapo maskini kweli kweli ambao hawakuandikwa. Ila kama kaya yenu imo, kuacha kujaza namba ya kaya ni kujinyima kwa mikono yako mwenyewe.

Yatima asiye na cheti

Hapa ndipo ninapoona machozi mengi zaidi. Kijana amefiwa na baba akiwa darasa la tatu. Kijiji kizima kinajua. Padri anajua, shehe anajua, mwenyekiti alikuwepo makaburini. Anajaza kwenye mfumo kwamba ni yatima, halafu hana cha kuambatisha, au anaambatisha kibali cha mazishi.

Kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Kile ni ruhusa ya kuzika, na familia nyingi zinakihifadhi kwenye sanduku miaka na miaka zikiamini ndicho cheti chenyewe. Cheti cha kifo kinatolewa na RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na mara nyingi kinaombwa kupitia ofisi ya wilaya. Kifo ambacho hakikusajiliwa wakati wake kinaweza kusajiliwa baadaye, lakini kuna ushahidi wa kukusanya, barua za serikali ya kijiji, pengine kufuatilia kumbukumbu za hospitali alikolazwa marehemu. Kwa familia iliyo kilomita themanini kutoka makao makuu ya wilaya, hiyo ni safari, nauli na siku za kazi zilizopotea, tena si mara moja.

Cheti kikishapatikana, bado kuna hatua ya uhakiki. Cheti cha kuzaliwa cha mwombaji na cheti cha kifo cha mzazi vinapelekwa RITA kwa njia ya mtandao, RITA inathibitisha kwamba ni halali, na uthibitisho huo ndio unaotumika kwenye maombi ya mkopo. Kwa walioandikishwa Zanzibar, wakala wa usajili wa huko ndiye anayehusika. Anayeanza uhakiki wiki ya mwisho ya Agosti anajiunga na foleni ya maelfu ya wenzake waliochelewa vile vile.

Nasema wazi ninavyoliona jambo hili: utaratibu unaomtaka mtu athibitishe umaskini wake unambebesha mzigo mkubwa zaidi yule aliye mbali zaidi na ofisi. Bodi ina sababu ya kudai vyeti, kwa kuwa bila hivyo kila mtu angekuwa yatima. Lakini shule za sekondari zingeweza kuwauliza wanafunzi waliofiwa tangu kidato cha tatu kama wana cheti cha kifo, wakati bado kuna miaka ya kukitafuta. Mwalimu wa malezi anayefanya hivyo anamsaidia mtoto kuliko anavyojua. Na mzazi aliyebaki, hata kama mtoto yuko darasa la tano, aanze kukifuatilia sasa, mashahidi wakiwa hai.

Ulemavu una njia yake. Kuna fomu maalumu inayothibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa, na barua ya zahanati ya kijijini haitoshi mahali pake. Aliyesomeshwa sekondari na shirika au mfuko kwa sababu ya hali ngumu ya kwao naye ana fomu ya kuthibitisha ufadhili huo. Ukiwa na hali zaidi ya moja, ziambatishe zote.

Majina yanayogombana

Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cheti cha kidato cha nne kinasema Mohammed, na kitambulisho cha taifa kinasema Muhamed. Kwa mama yake ni mtoto mmoja. Kwa mfumo wa kompyuta ni watu watatu. Wasichana wanaotumia jina la babu shuleni na jina la ukoo kwenye cheti wanakutana na shida hiyo hiyo. Tofauti ndogo hurekebishwa kwenye ofisi zilizotoa nyaraka, kubwa huhitaji hati ya kiapo cha jina, na zote mbili zinakula muda.

Namba ya mtihani wa kidato cha nne ndiyo inayokutambulisha kuanzia mwanzo hadi mwisho. Uliyoitumia kuomba udahili chuoni iwe ndiyo hiyo hiyo kwenye maombi ya mkopo. Kama ulirudia mtihani, una namba mbili, na hapo ndipo vijana wengi wanapojichanganya: chuo kinawajua kwa namba moja, Bodi kwa nyingine. Mkopo unapangwa, lakini haumpati mtu.

"Ulisoma shule ya kulipia, hupati"

Uvumi huu umeenea hadi wapo vijana ambao hawaombi kabisa. Ukweli ni kwamba ada kubwa ya sekondari inachukuliwa kama dalili ya uwezo wa familia. Ni mantiki inayoeleweka, kwani aliyemudu milioni tatu kwa mwaka kidato cha kwanza anatarajiwa kumudu kitu chuoni. Lakini maisha hayaendi hivyo kwa kila mtu. Yupo aliyelipiwa na parokia. Yupo aliyelipiwa na shangazi aliyeko Dodoma, shangazi akastaafu. Yupo ambaye baba alikuwa na duka, akapatwa na kiharusi, duka likafungwa.

Mfumo hauwezi kuyajua hayo kwa kukisia. Aliyefadhiliwa aambatishe uthibitisho wa mfadhili. Ambaye hali ya nyumbani ilibadilika aonyeshe badiliko hilo kwa karatasi: cheti cha kifo, fomu ya mganga, barua ya kustaafu au kuachishwa kazi. Asipofanya hivyo, ada ya kidato cha kwanza itaendelea kuongea kwa niaba yake.

Dhana ya upande wa pili ni kwamba ukipata Divisheni Wani mkopo ni haki yako. Matokeo mazuri yanakupatia chuo, na kwa wachache wa sayansi yanawapatia Samia Skolashipu. Kwenye mkopo kinachoamua ni uhitaji, na ndiyo maana mwenye Divisheni Tu anaweza kupata asilimia mia huku aliyempita darasani akapata thelathini. Hakuna aliyedhulumiwa hapo. Vitu viwili tofauti vimepimwa.

Kujaza, kusaini, kulipa

Dirisha la maombi kwa kawaida hufunguliwa Juni na kufungwa mwishoni mwa Agosti, na maombi hufanyika mtandaoni kwenye mfumo wa Bodi unaoitwa OLAMS. Ada ya maombi ni shilingi 30,000, inalipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wenyewe. Huna sababu ya kusubiri matokeo ya kidato cha sita ndipo uanze kutafuta vyeti.

Ukishajaza unachapisha fomu, unaisaini, mdhamini anaisaini, unaipeleka serikali ya mtaa au kijiji ikapigwe muhuri, kisha kwa hakimu au wakili kwa ajili ya kiapo. Halafu kurasa zilizosainiwa zinarudishwa kwenye mfumo. Vijana wengi wanakwama hapa: wamelipa, wamejaza, lakini hawakupandisha kurasa hizo, au wamepandisha picha iliyopigwa gizani ambayo muhuri hausomeki. Ombi la namna hiyo halijakamilika. Ingia tena kwenye akaunti yako siku chache baadaye uone kama kuna ujumbe wa kurekebisha kitu.

Mdhamini naye asisaini kwa kupitiwa. Anajifunga kwa jambo la kisheria, na ana haki ya kusoma fomu yote kabla ya kuweka jina lake.

Kuhusu wanaosimama nje ya vibanda vya intaneti wakiahidi "kukupitishia jina" kwa laki moja: hawana pa kulipitisha. Mwenye kibanda anayekusaidia kuchapa kwa elfu tano anafanya kazi halali, ila nywila ya akaunti ibaki kwako. Wapo vijana waliojaziwa taarifa zisizo zao, wakaandikwa yatima wazazi wakiwa hai, na aliyebaki akijibu kwa udanganyifu huo ni mwombaji, kwa kuwa sahihi ni yake.

Unachopata, na unachodaiwa

Mkopo una mafungu: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Ada inakwenda chuoni moja kwa moja. Boom inakuja kwako baada ya kusaini, siku hizi kwa alama ya kidole. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500, kwa hiyo awamu ya siku 60 iliyokuwa 510,000 sasa ni 600,000.

Unaposikia fulani "amepata", uliza amepata nini. Wapo waliopata chakula na malazi bila ada, na mzazi asipolijua hilo mapema atashangaa mtoto anazuiwa kufanya mtihani kwa deni la ada wakati "mkopo anao". Fungueni akaunti yake pamoja, mwangalie fungu kwa fungu, mjue pengo la kuzibwa nyumbani ni shilingi ngapi.

Deni linaanza kulipwa baada ya miaka miwili ya kumaliza chuo. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na mwajiri ndiye anayewasilisha. Kabla ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 ilikuwa asilimia 8. Tuseme umekopa 11,100,000 kwa miaka mitatu na mshahara wako wa msingi ni 800,000. Makato ni 120,000 kwa mwezi, na deni litakuchukua karibu miaka minane. Aliyejiajiri naye anatakiwa kulipa, kwa kiwango ambacho sheria imekiweka. Zamani deni lilikuwa linavimba kwa tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha, hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kuifuta kwenye sherehe za Mei Mosi mwaka 2021 jijini Mwanza. Wazee wetu waliosoma tangu 1994/95 nao wamo kwenye vitabu vya madeni, na marejesho yao yanaingia kwenye mfuko ule ule unaokopesha wadogo zao.

Kwa anayekwenda stashahada, mikopo ilianza kutolewa mwaka 2023/24 kwa fani zilizotajwa kuwa za kipaumbele, kama afya, ualimu, usafirishaji, nishati na kilimo. Asome mwongozo wa stashahada wenyewe. Wa shahada hautamfaa.

Jina lisipotoka

Majina hutolewa kwa awamu kadhaa, kwa hiyo kukosekana awamu ya kwanza hakumaanishi umenyimwa. Mara nyingi kinachochelewesha ni chuo kuchelewa kuthibitisha udahili wako, au wewe kuchaguliwa vyuo viwili na kutothibitisha kimoja.

Awamu zikiisha linafunguliwa dirisha la rufaa. Rufaa inayorudia maneno ya "familia yetu ni maskini sana" haibadilishi kitu. Rufaa yenye nguvu inaleta karatasi ambayo haikuwepo: cheti cha kifo kilichopatikana Septemba, fomu ya mganga iliyosainiwa, namba ya TASAF iliyosahaulika. Waliopata asilimia ndogo nao wanaruhusiwa kukata rufaa.

Na aliyekosa hata hapo, akafanikiwa kuanza mwaka wa kwanza kwa michango ya ukoo, anaweza kuomba tena mwaka unaofuata kama mwanafunzi anayeendelea, mradi awe amefaulu kuingia mwaka wa pili. Likizo ndefu ya kati ya hapo inatosha kwenda wilayani kufuatilia kile cheti.